Nani Ataitikia? Mjadala Kuhusu Ngoma za Vikundi na Nyimbo za Pamoja

MWALIMU WA MUZIKI: Kuna kauli inayorudiwa kila tunapozungumzia utamaduni, kwamba nyimbo zetu zinapotea. Siikubali. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alizunguka Afrika Mashariki na mashine yake ya kurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1950, na aliyoyanasa yanasikilizwa hadi leo. Kanda za iliyokuwa Redio Tanzania Dar es Salaam zimesheheni ngoma za mikoa mingi. Nairobi, Ketebul Music wamekuwa wakiwafuata wazee vijijini na kuwarekodi huko huko waliko. Nyimbo zipo. Wanaopotea ni waitikiaji. Harusi nyingi za pwani sasa zina mshereheshaji, zina spika zenye urefu wa mtu mzima, zina bendi ya kukodi au kijana wa kupiga miziki, na zina mamia ya wageni waliovaa vizuri wasioimba hata neno mpaka waambiwe wasimame. Ngoma za wanawake kama lelemama na vugo hazikujengwa hivyo. Watu wa kutazama walikuwepo, lakini wimbo ulikuwa wa wanachama: mmoja anautoa, wengine wanaupokea, na bila wa kuupokea hakuna wimbo. Ukiurekodi wimbo wa namna hiyo, unabaki na maneno na sauti, ila kile kitendo cha watu arobaini kuujibu kwa pamoja hukihifadhi.

MTANGAZAJI WA REDIO: Mwalimu, kwa heshima, unazililia ngoma hizi kama vile zilikuwepo tangu enzi. Ngoma ya beni ilianza pwani ya Kenya katika miaka ya 1890, kwa vijana kuiga gwaride na tarumbeta za wanajeshi na mabaharia wa Kizungu. Ikasambaa mno wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ikafika bara pamoja na askari na wapagazi, kisha ikapoa. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika historia ya beni mwaka 1975, wakati ambapo kwa sehemu kubwa ilikuwa imeshakuwa historia kweli. Taarabu nayo ilianza kama muziki wa kukaa na kusikiliza. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash wa Zanzibar alimpeleka mtu Misri akajifunze kupiga kanuni ili arudi kumburudisha kwenye kasri. Ikhwani Safaa, iliyoanzishwa Unguja mwaka 1905, ilikuwa klabu ya watu wachache waliojuana. Mwaka 1928 mwimbaji Siti binti Saad akasafiri kwenda Bombay kurekodi, na sauti yake ikaingia majumbani kwa santuri. Je, santuri iliwanyamazisha wanawake wa mtaa wa Ng'ambo, Unguja? Hapana. Waliisikiliza, wakaimba, na lelemama ikaendelea kando yake. Kwa hiyo usiitwishe redio, simu na spika lawama. Kila kizazi huchagua kitakachokiimbisha.

MWALIMU WA MUZIKI: Mfano wa Siti unanisaidia mimi zaidi kuliko wewe. Kama santuri na ngoma ziliishi pamoja kwa miongo, basi mashine siyo iliyoua, na lazima tutafute kwingine. Tutafute kwenye chama. Margaret Strobel, katika kitabu chake cha 1979 kuhusu wanawake Waislamu wa Mombasa, ameonyesha kwamba lelemama ilikuwa zaidi ya kucheza. Vilikuwa vyama vyenye viongozi, vyeo, ada, sare na wapinzani. Mwanachama akifiwa, wenzake walikuwepo. Akiozesha, wenzake walikuwepo. Wimbo ulikuwa ndiyo alama ya uanachama huo. Ndiyo maana mwaka 1955, chama cha TANU kilipotaka kuwapata wanawake wa Dar es Salaam, aliyeifanya kazi hiyo alikuwa Bibi Titi Mohamed, kiongozi wa nyimbo katika kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Hakuanza kugonga mlango kwa mlango kama mgeni. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, na vikundi vikaja na watu wao, maelfu, katika muda mfupi. Susan Geiger ameliandika hilo kwa kina katika kitabu cha mwaka 1997. Nakuomba ulifikirie jambo hili taratibu, kwa sababu hapo ndipo uzito ulipo. Wanawake ambao wengi wao hawakuwahi kukanyaga darasa walikuwa tayari wanajua kuitisha mkutano, kutunza fedha, kumheshimu kiongozi na kumwondoa, na kuifikisha habari mtaa wa pili kabla ya jua kuzama. Walijifunza hayo wakiimba. Orodha ya nyimbo kwenye simu haiwezi kumpa mtu mafunzo hayo.

Na hapo hapo ndipo anguko lilipoanzia, tena kwa mikono ya walioipenda ngoma. Desemba 1962 Rais Nyerere alitangaza wizara ya utamaduni, na nia yake ilikuwa njema kabisa: kuwarudishia watu fahari waliyonyang'anywa. Kikaundwa kikundi cha ngoma cha taifa, na baadaye, mwaka 1981, Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Vimezaa wasanii hodari, sikatai. Lakini ngoma ilipopanda jukwaani ilipewa dakika zake, ikapangiwa mistari, ikakabidhiwa kwa waliofuzu, na wananchi wakapewa viti wamsubiri mgeni rasmi. Shughuli za chama cha mtaa zikahamia kwenye matawi ya chama cha siasa na jumuiya zake. Ngoma ikabaki burudani ya ufunguzi.

MTANGAZAJI WA REDIO: Unavisifu vyama hivyo bila kuitaja gharama yake. Tuitaje basi. Beni ya Tanganyika ilikuwa na vikundi vya Marini na Arinoti, na mgawanyo ule haukuwa wa muziki peke yake: Marini walijiona wastaarabu, watu wa mjini, na Arinoti wakawa kimbilio la waliodharauliwa. Pwani ile iliwahi kuwa na watumwa na mabwana, na swali la nani mwungwana na nani si mwungwana liliingia kwenye ngoma pia. Mashindano ya lelemama yaliwatia watu madeni. Wanamageuzi wa Kiislamu wa Mombasa waliukemea ubadhirifu huo, na si wote waliokuwa wakiwaonea wivu wanawake. Na nyimbo zenyewe zilikuwa na kijembe kinachomfuata mtu mpaka nyumbani kwake. Mwanamke aliyetungiwa wimbo na kikundi cha upinzani hakuwa na pa kukimbilia. Leo mwanamke huyo anaweza kuzima simu na kulala. Huo nao ni uhuru, Mwalimu.

Halafu unasema watu hawaimbi. Ni watu gani hao? Pita Mwanza, Dodoma au Moshi jioni ya katikati ya wiki, uhesabu makanisa yenye kwaya mazoezini. Kuna sare, kuna mweka hazina, kuna ada, kuna safari za kutembelea kwaya za mikoa mingine, kuna kuzikana. Kila ulichokisifu kwenye lelemama kipo pale, na walio ndani ni wengi kuliko lelemama ilivyowahi kuwa nao. Kwa Waislamu kuna kasida, kuna maulidi, kuna dufu za madrasa. Maulidi ya Lamu yanawakusanya watu kila mwaka kutoka pande zote za pwani. Uimbaji wa pamoja umehama nyumba tu. Kinachokusikitisha ni kwamba haukuhamia pale ulipopenda wewe.

KIONGOZI WA KIKUNDI: Nawasikiliza, wanangu, nyote mnazungumza vizuri, lakini mnazungumza kana kwamba wimbo unaning'inia hewani. Wimbo unahitaji uwanja, unahitaji muda, unahitaji nguo na unahitaji tumbo lililoshiba. Nyumba zenye ua zinabomolewa, zinapanda ghorofa, na kwenye ghorofa mwenye fleti ya chini analala saa nne. Zamani wanawake walikuwa na saa zao baina ya alasiri na magharibi. Saa hizo leo mwanamke yuko sokoni anamalizia mauzo, au yuko kwenye daladala, foleni imemkamata. Sare ni doti ya kanga kwa kila mmoja, na mkishindana ni doti mpya kwa kila shughuli. Ngoma ya usiku inataka kibali, na vigodoro, zile sherehe za mitaani za kukesha, tumeona mara ngapi viongozi wakivipiga marufuku. Baadhi ya vurugu zilizosemwa zilikuwepo, sitetei. Lakini marufuku haichagui; ikikipiga kigodoro inakipiga na kile kikundi cha kina mama kilichokuwa kinaimba kistaarabu nyumba ya pili.

Tena kuna kadi za mchango. Mwaka mzima watu wanachanga: harusi, sendofu, ukumbi, mapambo, chakula, picha. Mama aliyekuwa akija harusini na sauti yake, akashika mwiko mchana na akaitikia usiku, sasa anaambiwa alete fedha. Akishaleta fedha anapewa kiti na namba ya meza. Amelipa, kwa nini aimbe? Mwalimu anailaumu serikali ya mwaka 1962. Mimi naona mchango wa fedha umefanya kazi hiyo vizuri zaidi, na hatukulazimishwa na mtu. Na wewe mwanangu wa redio, kwaya naiheshimu sana, wala kasida sina neno nayo. Lakini kwaya ni ya waumini wa kanisa moja. Kasida ni ya chuo kimoja. Ngoma ya mtaa ilimkuta Mzaramo, Mmakonde, Mngoni na Mswahili wa pwani wakiishi kwenye nyumba moja ya kupanga, ikawafanya waitikie wimbo mmoja. Niambie ni wapi leo majirani wasiosali pamoja wanakutana wakaimba.

MTANGAZAJI WA REDIO: Shikamoo tena, Mama, maana umelisema jambo ambalo sina jibu lake jepesi. Mahali pa majirani kuimba pamoja pamepungua, nakiri. Ila tazama ulichokithibitisha. Kama sababu ni muda, nyumba na fedha, basi wanawake wamefanya hesabu zao. Aliyeshinda wiki nzima kazini akikaa mezani harusini akahudumiwa, hajapoteza utamaduni, amepumzika. Katika vikundi vya zamani asiyefika alitozwa faini, na asiyeitikia alisemwa. Leo ana haki ya kunyamaza. Na kusaidiana hakukufa pia. VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa fedha, vimejaa kila mtaa, vya Mzaramo na Mmakonde hao hao, na fedha zinatumwa kwa simu msiba unapotokea. Zamani wimbo ulikuwa gundi kwa sababu hapakuwa na daftari. Sasa daftari lipo. Hasara ya wimbo inauma, lakini je, kuna aliyedhulumiwa?

MWALIMU WA MUZIKI: Yupo. Amedhulumiwa yule asiye na njia nyingine ya kuwasahihisha wakubwa. VICOBA kinakukopesha, lakini hakiwezi kumwambia mwenyekiti wa mtaa kwamba maji hayatoki. Niruhusuni nieleze kiitikio kinavyofanya kazi, kwa sababu watu wengi hudhani ni kurudia tu. Mtoa wimbo anapoleta ubeti mpya, anauweka mbele ya watu wanaomjua na wanaolijua jambo lenyewe. Ubeti ukiwa wa kweli na umekaa vizuri, kiitikio kinapanda. Ukiwa wa uongo, au umemwonea mtu, kinapoa, wengine wanatazamana, na mtoa wimbo anaubadilisha au anauacha. Kundi linahariri palepale. Hilo linakujibu na kuhusu kijembe: kilikuwepo, kiliumiza, lakini kilipita mikononi mwa watu wengi kabla ya kumfikia aliyelengwa. Taarabu ya kisasa imekuja na mipasho iliyotungwa tayari. Tangu miaka ya 1990, vikundi vya East African Melody, TOT na waliofuata wameuza maneno makali kwa ustadi mkubwa. Mwanamke anayetaka kumsema mwenzake anainuka na noti mkononi, anamtunza mwimbaji kwenye ubeti anaoutaka, kila mtu ukumbini anaelewa. Ameshiriki, ndiyo. Ila ameununua ubeti ule kama ulivyo, na hakuna kundi lililoulizwa kama ni haki kuutumia kwa mtu yule.

Tutazame na Usukumani, ambako vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu vimeshindana kwa vizazi. Kwenye sikukuu ya Bulabo, pale Bujora, mwezi wa Juni, pande mbili hucheza kwa wakati mmoja na umati huhama: upande unaokimbiliwa ndio unaoshinda. Anayetazama ndiye hakimu, na anahukumu kwa miguu yake. Lakini huko huko Usukumani nyimbo za kulima zimepata pigo. Frank Gunderson alizikusanya na kuzieleza katika kitabu cha mwaka 2010, na ukizisoma unaona zilivyofungamana na jembe la mkono na safu ya vijana wanaolima shamba la mwenzao. Safu ile ikiondolewa na plau au trekta, hakuna atakayesimama shambani kuimba peke yake. Magharibi mwa Kenya, ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Isukuti! Ngoma inayompokea mtoto, inayomwoza binti na inayomzika mzee, tumefika mahali pa kuiandikia barua ya kuiombea uhai.

MTANGAZAJI WA REDIO: Umejijibu mwenyewe kwa mfano wa Wasukuma. Bagika na Bagalu wamedumu kwa sababu wamekubali kubadilika kila msimu: leo wanaleta nyoka, kesho wanaleta sarakasi, ili mradi umati uhamie kwao. Hawakumwomba mtu yeyote awalinde. Na kama sifa ya kiitikio ni kutungwa palepale na kuhukumiwa na watu palepale, basi nakuomba usimame Manzese au Tandale, Dar es Salaam, usikilize muziki wa singeli. Kijana anashika kipaza sauti, mdundo unakwenda mbio kuliko pumzi, anawataja watu wa mtaa kwa majina, anawarushia neno, wanamrudishia. Asipowakuna wanamnyang'anya kipaza. Amerithi miziki ya mchiriku na vigodoro, amezaliwa uswahilini, hakufundishwa na chuo chochote. Ni kiitikio kile kile unachokililia. Kwa nini hukitaji?

MWALIMU WA MUZIKI: Nakitaja sasa, na hoja yako naipokea: singeli ni mwitikio ulio hai, na anayeidharau kwa sababu ya kasi yake au ya wanaoiimba hasikilizi. Shida yangu ni moja. Safu ya lelemama ilikuwa na bibi, mama na binti bega kwa bega. Binti aliyajua maneno kabla hajajua maana, na alipoijua maana alikuwa na wa kumuuliza. Singeli inawakusanya vijana na kuwaacha wazee ndani, wamefunga madirisha. Kipaza sauti kina mwenyewe, na mara nyingi ni mwanamume. Mwanamke anayetakiwa kwenye singeli mara nyingi anatakiwa acheze, si aseme. Wanawake wa Bibi Titi walisema.

KIONGOZI WA KIKUNDI: Hapo Mwalimu umenena. Lakini na ninyi walimu mna lenu. Watoto wanafundishwa ngoma shuleni kwa ajili ya tamasha. Kenya wana mashindano makubwa ya muziki ya shule, nasi huku tuna yetu. Mtoto anakariri wimbo wa kabila ambalo si lake, kwa matamshi ya kulazimisha, hakimu anaandika alama, basi linarudi na kombe. Wimbo ule hauimbwi tena mpaka mwakani. Bibi yake yuko nyumbani anaujua wote, na hakuna aliyemuuliza. Mimi sitaki makumbusho wala kombe. Nataka mambo yanayowezekana. Kadi ya mchango ikubali kwamba kikundi kitakachoimba kimeshachanga, kisidaiwe fedha. Harusi itenge saa nzima bila mashine, kabla mshereheshaji hajashika kipaza. Ofisi ya kata itupe uwanja jioni bila malipo, kama inavyowapa wa mpira. Na redio yako, mwanangu, ituweke hewani tukiwa kikundi, usimwite mmoja wetu studio akaimba peke yake kama kichaa.

MTANGAZAJI WA REDIO: Hewani nitawaweka, Mama, hilo si gumu. Gumu ni linalofuata. Mabinti wakija, watakuja na maneno yao. Wataimba juu ya bosi anayewasumbua kazini, juu ya mwanamume asiyetoa matunzo, juu ya mambo ambayo kwenye vikundi vingi bado yanasemwa kwa mafumbo na kwa waliochezwa tu. Mwimbaji Bi Kidude aliitoa ngoma ya unyago ndani akaipeleka kwenye majukwaa ya Ulaya, akapewa tuzo ya WOMEX mwaka 2005, na mpaka alipofariki mwaka 2013 walikuwepo waliomshukuru na walikuwepo walionung'unika kwamba ameyaanika ya ndani. Mtakubali kuanikwa? Kwa sababu hamwezi kumwita binti aje aitikie, kisha mkamchagulia la kusema.

KIONGOZI WA KIKUNDI: Ya unyagoni yana mlango wake na sitaufungua kwa sababu ya redio. Mwari ana haki ya siri yake. Lakini lelemama, vugo, msewe na nyimbo za harusi hazina siri hiyo. Waje, na waje na maneno yao. Ila waanze kwa kuitikia. Hakuna aliyewahi kutoa wimbo kabla ya kuitikia wa wenzake miaka.

MTANGAZAJI WA REDIO: Na nani atakayesema miaka hiyo imetosha?

KIONGOZI WA KIKUNDI: Kikundi.

MTANGAZAJI WA REDIO: Yaani wakubwa wa kikundi. Hapo ndipo vyeo vinaporudi, na ndipo binti anapoondoka kwenda kwenye kwaya au kwenye singeli, ambako atapewa nafasi mwezi huu.

MWALIMU WA MUZIKI: Kwaya nayo ina mwalimu wake na ina majaribio ya sauti, hapewi nafasi ovyo.

MTANGAZAJI WA REDIO: Lakini anajua siku ya majaribio. Mama, mpeni na ninyi siku.

KIONGOZI WA KIKUNDI: Siku atapewa. Aje mara ya kwanza akiwa na beti mbili alizotunga mwenyewe, azitoe katikati ya safu, tuone kama tutazipokea. Tukizikataa, asikimbie, azirekebishe arudi nazo wiki ya pili. Hilo naweza kuwaambia wenzangu, na najua watakaonipinga.